Nilifunga kidonda, nikafunga na pumzi

Ndugu msomaji, wewe uliye na mtoto ao mdogo anayeshuka katika mashimo ya madini, nisikilize kidogo. Kosa ninalosimulia hapa ni langu mwenyewe.

Siku moja mdogo wangu alirudi na kidonda muguuni, jiwe lilimuangukia. Nilifunga kitambaa, kisha juu yake nikazungusha mpira wa ndani wa kinga, nikaukaza sana ili damu isimame. Damu ilisimama, lakini sikulegeza. Kesho yake akaniambia: «Yaya, vidole vimekuwa baridi, na kidonda kinawaka moto.» Muguu ulikuwa umevimba vibaya. Tukakimbia kwenye dispensere.

«Ni nani alifunga hivi?» akauliza mama muuguzi.

«Ni miye, mama.»

Akamgeukia mdogo wangu: «Kule chini, hewa ikipunguka, munakuwa namna gani?»

«Tunachoka mbiyo, mama. Nguvu ya kupiga nyundo inaisha.»

«Basi, askari wa mwili wako nao wako vile vile.»

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Silaha yao moja kubwa ya kuua vijidudu inatengenezwa na oksijeni, na oksijeni hiyo inaletwa na damu. Ukikaza kamba, unawafungia njia.

Tangu siku ile nimesoma zaidi. Kila chembe ya mwili ina kama kengele, inaitwa HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, chembe inaivunja kila mara. Oksijeni ikipunguka, kengele inabaki na kulia: chembe inaanza kutumia sukari bila oksijeni, na inaomba mishipa mipya ya damu. Wataalamu watatu, Kaelin na Semenza wa Marekani pamoja na Ratcliffe wa Uingereza, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi hiyo.

Kengele hiyo ni musaada, lakini ina hatari yake. Inafanya askari wengine wasife upesi. Wanabaki pale, wanamwaga ukali wao, na nyama nzima inaumia pamoja na vijidudu. Ndiyo uvimbe na moto vinaweza kukawia. Tena kijidudu cha pepopunda (tetanosi), kinachokaa katika udongo, kinazaana vizuri pale oksijeni haifike.

Kwa hiyo, kidonda kikitoka damu, kandamiza na kitambaa safi. Kisha osha kwa maji safi na sabuni, na funika bila kukaza. Vidole vikiwa baridi ao kufa ganzi, legeza mara moja. Kidonda kirefu chenye udongo, usingoje: nenda kwa muganga, uulize habari ya sindano ya pepopunda.

Mdogo wangu alipona, lakini kovu lingali pale. Kila nikiliona ninakumbuka kwamba nilifanya kwa upendo, hapana kwa ubaya. Lakini upendo peke yake haukutosha. Ilifaa nijue pia. Sasa na wewe unajua.