Taa Iliyozimwa

Nilipokuwa darasa la tano, ustadhi wetu wa madrasa alitusimulia kisa cha mgeni aliyefika kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na njaa. Nyumbani kwa Mtume hakukuwa na kitu ila maji, basi Ansari mmoja wa Madina akamchukua. Kwake nako kulikuwa na chakula cha watoto tu. Mkewe akawalaza watoto, akainuka kama anayetengeneza taa, akaizima. Gizani wenyeji wakajifanya wanakula, mgeni akala. Kisa hiki husimuliwa pamoja na aya ya 9 ya Suratul-Hashr, inayowasifu wanaowatanguliza wenzao ingawa wao wenyewe ni wahitaji. Kiarabu wanaita ithar.

Wakati ule niliona chakula tu. Taa sikuiona.

Mwaka wa pili mshikaji wa kozi yangu alikosa chumba hosteli, nikambeba. Kubebana mnakujua: kitanda kimoja, watu wawili. Bumu lake likachelewa, tukawa tunakula sahani moja ya wali maharage. Nikajiona Ansari haswa. Siku moja chumba kimejaa watu, nikatania, "Huyu bila mimi angeshakufa njaa!" Wote wakacheka, naye akacheka. Usiku nikamwita tule, akasema, "Nimeshakula." Kesho yake hivyohivyo. Wiki haikuisha, akabeba begi lake akaondoka.

Nilikasirika kwanza. Nikasema watu hawana shukrani. Lakini lile neno "nimeshakula" halikuniacha, maana mama alilitumia sana tulipokuwa wadogo. Akishatupakulia ugali anasema ameshakula, kisha unamsikia jikoni anakwangua sufuria. Hadi leo hajawahi kutukumbusha. Mama alizima taa. Mimi niliiwasha, tena mbele za watu. Suratul-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba masimango hubatilisha sadaka. Nilikuwa naijua kwa moyo tangu madrasa.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa somo, malengo na zana. Hili halipo kwenye andalio la somo. Nikiwa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja hakuwa na daftari. Nilimwambia anibebee vitabu hadi ofisini, na huko, tukiwa wawili tu, nikampa moja. Darasani hakuna aliyejua.

Mshikaji wangu nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha, kaka." Tunasalimiana vizuri tu. Ila nikimkaribisha chakula, bado ananiambia ameshakula.