Ukifika mibuyuni, usisinzie!

Kwenye basi la Dar kwenda Iringa, abiria wanakodoa macho Mikumi kutafuta tembo. Mbuga ikiisha tu, watu wanauchapa usingizi. Jamani, hapo mnakosa uhondo! Kabla hujafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, barabara inaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha Mkuu uko pembeni. Si mmoja wala kumi, ni msitu mzima umepanda hadi mlimani.

Septemba tulichanga mafuta, tukaenda na gari dogo, tukasimama. Watu watano tukashikana mikono kuzunguka shina moja. Wapi, hatukukutana! Kiangazi mibuyu haina majani, utadhani imekufa. Kumbe maji imeyaweka ndani ya shina.

Mbuyu unaweza kupita miaka 1,000. Lakini mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba mingi kati ya ile mikongwe kabisa barani, hasa kusini mwa Afrika, ilikufa ndani ya miaka 12 hivi. Sasa jamaa akitoa kisu achonge jina la demu wake kwenye shina, mnyang'anye. Mpe ubuyu amung'unye.