Kupisha

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo siku hizi silisomi bila kusita: kupisha. Kwetu Kasulu, ukikutana na mtu njiani kabeba mkungu wa ndizi, unampisha. Unasogea pembeni, mnasalimiana, anapita, nawe unarudi njiani. Ni adabu tu. Sasa fungua gazeti usome habari za "wananchi wanaopisha mradi". Hapo anayepishwa hapiti, anakaa. Na aliyepisha harudi.

Nalikumbuka neno hili kila nikisoma habari za nikeli ya Kabanga, kule Ngara, ukishazipita Kibondo na Kakonko kuelekea kaskazini. Nikeli inaingia kwenye betri za magari ya umeme, kwa hiyo dunia ina haraka nayo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba huko kwao mradi wa kimkakati wa uchimbaji upate vibali ndani ya miezi 27. Hata kwetu wimbo ni huohuo: urasimu upungue, vibali vitoke.

Mimi sina ugomvi na haraka. Ila tuitazame Kabanga yenyewe. Nikeli ile ilijulikana tangu miaka ya 1970. Baadaye kampuni kubwa, zikiwemo Barrick na Glencore, ziliishikilia kwa leseni ya kuhodhi eneo, mpaka leseni za aina hiyo zilipofutwa mwaka 2018. Januari 2021 serikali ikasaini mkataba na LZ Nickel, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Oktoba mwaka huohuo leseni ya kuchimba ikatoka. Miezi tisa! Kumbe wakubwa wakishaelewana, makaratasi yanatembea.

Na haraka ya wakubwa, watu wa Buha wanaifahamu. Miaka ya 1930 wakoloni waliwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wa Kasulu na Kibondo wakahamia vijiji vya ujamaa. Bibi yangu alikuwamo. Akisimulia, siasa haigusi kabisa. Anataja migomba yake.

"Mjukuu wangu," husema, "mgomba hauhami na mtu."

Hilo ndilo linalonikaa moyoni. Mthamini akishapita shambani, mwenye nyumba huambiwa asiongeze chumba, asipande kahawa. Anasubiri malipo. Msimu wa mvua unapita na jembe limeegemea ukuta, bei ya bati inapanda, binti anaolewa, mjukuu anazaliwa katika nyumba ambayo hairuhusiwi kukua. Kusubiri huko hakuna anayekuita urasimu, wala sijasikia kukijadiliwa kwenye makongamano ya wawekezaji.

Ajabu ni kwamba sheria imeshasema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Neno ni lilelile wanalolipenda wenye vibali.

Basi ombi langu ni dogo. Kama mwekezaji anahesabiwa miezi ya kupata kibali, na mwenye shamba ahesabiwe miezi yake, kwenye kalenda hiyohiyo, na zote mbili zisomwe hadharani siku moja. Migomba mipya nayo inahitaji muda wa kuzaa.