Visu Viwili Ala Moja

Watu hukusanya vitu vya kale kwa sababu nyingi. Mmoja hupenda sarafu, mwingine stempu za posta, na mwingine huvutwa na visu na majambia yaliyovaliwa mawili mawili na watu wa zamani. Huyu wa mwisho huenda akadhaniwa kuwa mpenda ugomvi, kumbe sivyo. Hofu yake kubwa ni moja tu: visu vilivyokaa pamoja miaka mingi visije vikatenganishwa.

Jambia la Omani lajulikana tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwenye kulitazama huona ala iliyopambwa kwa fedha, akafikiri amekwisha kuona yote. Lakini mara nyingi nyuma ya ala hiyo huchomekwa kisu kidogo chenye ala ya ngozi tupu. Jambia ni la heshima, huvaliwa arusini na barazani. Kisu kile ndicho cha kazi za kila siku. Mchuuzi asiyejua hukiona kuwa kitu duni, hukitupa kando, na wenzi hao hawaonani tena.

Kadhalika Magurkha wa Nepali, ambao askari wa Afrika Mashariki walikuwa pamoja nao katika Jeshi la 14 huko Burma mwaka 1944, wana khukuri, kisu kipana kilichopinda. Katika ala yake mna visu vidogo viwili: karda, kikali, cha kazi ndogo ndogo, na chakmak, kibutu, cha kunolea khukuri na kupigia moto kwa jiwe la gumegume. Basi kibutu ndicho kikitunzacho kikali.

Huko Japani, samurai alivaa panga mbili kiunoni: mrefu, uitwao katana, na mfupi, uitwao wakizashi. Aingiapo nyumba ya mtu, aliuvua ule mrefu na kubaki na ule mfupi. Mwaka 1876 serikali iliwakataza kuvaa panga hadharani, na vita vilipokwisha mwaka 1945 panga nyingi zilichukuliwa ng'ambo na askari wageni. Si lazima panga hizo mbili ziwe zimefuliwa na mhunzi mmoja. Mara nyingi kinachozifanya ndugu ni mapambo ya mipini na ala yaliyotengenezwa pamoja. Jina la mhunzi, kama aliliandika, limo katika msuka, yaani chuma kiingiacho ndani ya mpini, na kutu nyeusi ya hapo huonyesha umri. Mwenye kuisugua ili ing'ae amefuta ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Mtihani wa mkusanyaji huja siku ya shida, mnunuzi anapofika na fedha mkononi akikitaka kile kizuri peke yake. Akikubali, amepata chakula cha leo na kupoteza habari za vizazi. Mkusanyaji mwema hukataa. Huandika kila jozi ilitoka wapi, na huwausia watoto wake wasije wakavigawana visu hivyo kama mbuzi wa urithi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kisu kilichotengwa na mwenziwe husimulia nusu ya habari tu.