Kator, Juba: Tazama Paa Kabla ya Zulia

Atakaye kuwafundisha makarani, askari polisi au akina mama wa chama cha akiba huanza kwa kutafuta mwalimu, kisha fedha. Ukumbi huwa jambo la mwisho, na aghalabu huchaguliwa kwa uzuri wa mazulia yake. Hasara ya uchaguzi wa namna hiyo haiandikwi katika hati ya malipo. Huonekana saa nane za mchana darasa likisinzia, au jioni wanafunzi wakikosa chombo cha kuwarudisha kwao. Mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, na hasa sehemu yake iitwayo Kator, unafaa kuwa mfano wetu, maana huko kila udhaifu wa ukumbi hujitokeza upesi.

Juba umekaa ukingoni mwa magharibi ya Mto Nile, ambao hapo huitwa Bahr el Jebel, maana yake mto wa mlimani. Kator ni mojawapo ya sehemu tatu za zamani za utawala wa mji huo, pamoja na Juba yenyewe na Munuki. Wenyeji huziita payam. Mgeni aulizaye Kator ataelekezwa kwa alama mbili: Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, na soko la Konyo Konyo, mojawapo ya masoko makubwa ya mji. Shehena nyingi za vyakula na bidhaa hutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, ya kilomita 192, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Kisha huvuka mto na kuingia mjini. Sokoni husikika Kiarabu cha Juba, Kibari na lugha nyingine za nchi, na Kiswahili nacho hakikosekani. Hukisema wafanyabiashara wa kutoka Uganda na Kenya, na wenyeji waliopata kuishi ukimbizini Kakuma au Uganda.

Basi mwenye kutafuta ukumbi katika eneo kama hili la biashara atazame nini?

Kwanza, paa. Juba ni mji wa joto, na joto hilo si la kuchezea. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zilifungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Ikiwa mtoto huzimia chini ya bati lisilo na dari, mtu mzima aliyevaa sare hatajifunza hesabu za bohari chini ya bati hilo hilo. Ukumbi mnyenyekevu wenye paa la juu, dari, madirisha yanayokabiliana na mwembe nje unashinda chumba cha fahari kinachotegemea mashine ya kupoza hewa. Na miezi ya Februari na Machi ikilazimu, masomo yaanze saa moja na nusu asubuhi na mazito yote yamalizike kabla ya saa sita.

Pili, umeme na maji. Novemba 2019 ulizinduliwa Juba mtambo wa umeme wa megawati 33 unaotumia mafuta, na sehemu za mji zikapata nguvu kutoka gridi. Hata hivyo jenereta hazijaacha kunguruma. Mwenye ukumbi aulizwe: jenereta iko wapi, na mafuta yake hulipwa na nani? Ikiwa nyuma ya ukuta wa darasa, mwalimu atapiga kelele siku nzima na wa safu ya mwisho hatasikia kitu. Kuhusu maji, nyumba nyingi za Juba huletewa na maboza yanayojazwa kutoka mtoni. Tangi la ukumbi lichunguliwe, na vyoo vya wanawake vikaguliwe kabla ya kulipa arubuni. Mwanamke asiyepata choo chenye maji na komeo hatakaa hadi mwisho wa kozi, na hatasema sababu.

Tatu, njia na saa. Ukumbi ulio karibu na Konyo Konyo una faida kubwa: vyombo vya usafiri ni vingi, chakula ni cha bei nafuu, na karani aishiye mbali hafiki amechoka. Hasara yake ni makelele na msongamano. Dawa ni kutafuta jengo lililo barabara moja au mbili nyuma ya soko, mahali ambapo mtu hushuka na kutembea dakika chache. Mvua za kuanzia Aprili hadi Oktoba hugeuza njia za udongo kuwa tope. Basi njia hiyo ikaguliwe siku iliyonyesha.

Saa za kufunga nazo zina uzito wake. Juba umeonja mapigano Desemba 2013 na Julai 2016, na Januari 2025 ilitangazwa amri ya kutotembea usiku kufuatia fujo mjini. Askari anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa: darasa livunjwe mapema, kila mtu afike kwake jua lingali juu. Mwalimu mgeni naye arekebishe saa yake. Tangu tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma, hivyo saa mbili asubuhi Juba ni saa tatu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Nne, ukubwa. Papa Francis alipozuru Juba Februari 2023, maaskofu, mapadre na watawa alikutana nao katika Kanisa Kuu la Kator. Wananchi waliohamishwa makwao na vita alionana nao katika Ukumbi wa Freedom. Misa ya umma ikafanyika kwenye uwanja wa kaburi la John Garang. Ziara moja, mahali patatu, kila pahala kwa kadiri ya wahudhuriaji na shughuli yenyewe. Watu 30 katika ukumbi wa watu 300 hutawanyika kama mbegu zilizomwagika, na sauti hupotea.

Vyumba viwili vidogo vya kando vina manufaa zaidi, hasa huko Juba. Kiingereza ndicho lugha rasmi, lakini watumishi wengi wa umri mkubwa walisomeshwa kwa Kiarabu. Wakigawanywa katika makundi, aliyeelewa humweleza mwenzake kwa lugha yao, na somo hufika.

Wako wasemao kwamba ni afadhali kuwatoa watumishi nje kabisa ya mji, au hata nje ya nchi. Kwa mashauriano hoja hiyo ina nguvu. Mazungumzo ya kumaliza vita vya Sudan yalifanyika Machakos na Naivasha, mbali na kelele, na mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Lakini kumfundisha karani kazi yake ni jambo jingine. Baada ya uhuru wa 2011, watumishi wapatao 200 kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia walipelekwa Sudan Kusini chini ya mpango wa IGAD, wakakaa mezani pamoja na wenzao na kuwaelekeza katika majalada yao wenyewe. Elimu ya kazi hushika pale ilipo kazi. Kila anayepelekwa mbali huacha meza tupu, na posho yake ya safari ingewasomesha kadhaa waliobaki.

Ndugu msomaji, shauri hili lafaa hata kwa semina ya akina mama wa kambini kwenu. Nenda ukauone ukumbi saa nane mchana, si asubuhi. Keti kiti cha nyuma kabisa kwa nusu saa, milango ikiwa imefungwa na jenereta inawaka. Fungua bomba. Kisha toka nje, ukajaribu kurudi nyumbani kwa nauli ya mshahara wa chini. Ukiyaweza yote hayo bila manung'uniko, lipa arubuni.