Ndege Wawili wa Barabara ya Kasenga



Siku ya Posho iliyopita tulitoka Lubumbashi asubuhi sana pamoja na watoto wa darasa la sita, tukashika barabara ya Kasenga. Tulipishana na kinga nyingi zinazosukumwa kuelekea mjini, zimebeba mifuko ya makala hata mwenye kinga haonekani.

Tuliposhuka, pembeni ya mashamba, ndege mdogo alikuwa anaokota mbegu chini: ukubwa wa shomoro, kifua cha manjano kama kiini cha yai, mgongo wa rangi ya matofali, kichwa cheusi chenye mistari myeupe. Tukaingia ndani ya miombo, penye miti mirefu, tukamwona mwingine karibu sawa naye. Sisi walimu tukasema upesi: yule dume, huyu jike. Watoto wakaandika katika daftari.

Msichana mmoja hakuandika. Akasema: «Mwalimu, sasa wamekaa wawili tawi moja, na wote hawana mstari chini ya jicho. Dume wao ni nani?»

Tulitazama tena. Kweli. Ndege wa shambani ana mstari mweupe juu ya jicho na mwingine chini yake. Wa porini ana ule wa juu tu. Shavu lake ni jeusi lote, na mgongo wake unaelekea kijivu. Ni aina mbili, kama watoto wa baba mmoja. Vitabu vinamwita wa kwanza Emberiza flaviventris, yaani mwenye tumbo la manjano. Wa pili ni Emberiza cabanisi, kwa heshima ya Jean Cabanis, mtaalamu wa ndege wa Berlin. Tukawaambia watoto wafute. Kujisahihisha mbele ya darasa si kutamu.

Wa shambani anazoea mahali pa wazi, penye vichaka na miti michache. Mwenzake anataka miombo yenyewe, ileile inayotupatia uyoga na viwavi wakati wa mvua, na ileile tunayoichoma. Hata sisi tunaoandika haya tunapika kwa makala.

Wakati wa kurudi tulipita penye tanuru la zamani, limebaki jivu na visiki. Mama aliyekuwa anapalilia mihogo hapo alituambia kwamba alipoolewa walichoma makala papo hapo, nyuma ya nyumba. Sasa anatembea mwendo wa saa mbili kufikia mti wa kufaa.

Msichana wetu alizunguka visiki vyote akitafuta. Alihesabu ndege wanne. Wote walikuwa na mstari chini ya jicho.