Kubonyea na Kudidimia

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili, wanafunzi waliniuliza mara nyingi iwapo lugha ina visawe vya kweli, yaani maneno mawili yasiyotofautiana hata chembe. Jibu bora nililopata kulisikia halikutoka kwenye kamusi. Lilitoka kwa fundi wa magari.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, aina iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Langu ni lile la safu tatu za viti, la kabureta, na umri wake unastahili shikamoo. Tunaishi Lushoto. Kushuka Mombo ni kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Njia ile haina subira na breki ya kubahatisha.

Kwa hiyo pedali ilipoanza kubadilika chini ya unyayo, nilimwita fundi. Tulipokwisha kusalimiana hakufungua boneti. Aliuliza tu: “Mwalimu, inabonyea au inadidimia?”

Nikaketi, nikakanyaga. Kubonyea ni kuwa laini kama godoro: pedali inaingia, ukiipampu mara mbili tatu inapanda na kukaza. Mara nyingi hiyo ni hewa ndani ya mabomba, na dawa yake ni kuitoa, gurudumu baada ya gurudumu. Kudidimia ni ugonjwa mwingine. Pedali huupokea mguu kwa ugumu wa kuridhisha, kisha, ukiendelea kuikanyaga, hushuka polepole hadi sakafuni, kama mtu anayekubali jambo asilolitaka. Ikiwa mafuta ya breki hayajapungua kwenye kikopo chake wala hakuna pavujapo, basi mipira iliyomo ndani ya masta silinda imelika, na mafuta yanapenya pembeni badala ya kwenda kubana magurudumu.

Yangu ilididimia.

“Basi gari hili halishuki Mombo,” akasema. Wajukuu wangu walikwisha kufunga mabegi ya kurudi shule. Walishuka kwa basi.

Alikuwa na kitenzi cha tatu, kuzama, na hicho alikitamka kwa sauti ya chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka ipitavyo. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yakachemka, mvuke ukajaa mabombani, na mvuke hubanika. Hapo pedali haibonyei wala haididimii. Inazama, mara moja, bila taarifa.

Injini nayo ilikuwa na lake. Darasani tulizifundisha tanakali za sauti kama pambo la shairi. Kwa fundi huyu ni kipimo. Ti ti ti nyepesi kutoka juu ni vali zinazohitaji kurekebishwa nafasi. Ngo ngo ngo nzito kutoka chini, hasa gari likipanda mlima, ni beringi, na hapo usiendelee na safari. Langu halikuwa na hili wala lile. Lilikuwa likiruka pigo. Nikapendekeza kitenzi “kukosa”. Akacheka kwa adabu. “Mwalimu, mtu ndiye anayekosa. Injini inamisi.”

Akaiacha ingurume taratibu, akachukua koleo yenye mpini wa mpira, akaanza kuchomoa waya za plagi mmoja mmoja na kuzirudisha. Wa kwanza, mngurumo ukayumba. Wa pili, vilevile. Wa tatu alipouchomoa, injini haikushtuka hata kidogo.

“Huyu ndiye aliyelala,” akasema, akanyoosha mkono nimpe spana ya plagi.